Kusoma kwa Sauti Lubumbashi: Urithi wa André Yav

Mwaka 1965 mjini Elisabethville, ulioitwa Lubumbashi kuanzia 1966, André Yav alikusanya kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji huo, kwa jina la waliokuwa watumishi wa majumbani. Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990, alionyesha kwamba maandishi hayo, yasiyofuata tahajia sanifu, hueleweka yakisomwa kwa sauti. Hapo ndipo familia inapohitajika. Mwanafunzi wa darasa la saba, aliyezoea Kifaransa cha shuleni, atakwama. Mzee wake (nkambo, wasemavyo Lubumbashi), hata asiyejua kusoma, ataelewa akisomewa. Basi mtoto asome, mzee afafanue, kisha mtoto aandike. Mwalimu akiikuta daftarini tahajia ya nyumbani, heri aisikilize kabla ya kuipiga wino mwekundu.