Tofali likikwama mkononi: historia fupi ya vurugu kwenye minyororo ya spini

Chukua mfano unaoujua. Busale, wilayani Kyela, mvua zimekatika na kuna nyumba inajengwa. Watu kumi wamejipanga mstari kutoka kwenye tanuri hadi kwenye msingi, wanapokezana matofali mkono kwa mkono. Hakuna anayetembea, tofali ndilo linalosafiri.

Mnyororo wa spini ni kitu cha namna hiyo. Spini ni usumaku mdogo ambao elektroni huwa nao, tuseme unaelekea juu au chini. Zikikaa mstarini, jirani hubadilishana mwelekeo na jirani. “Juu” inasafiri, elektroni zenyewe zimebaki palepale.

Sasa weka vurugu: mmoja kasimama kwenye kichuguu, mwingine yuko shimoni. Matofali yatafika? Wengi tungesema yatafika, ila kwa kuchelewa. Wanafizikia nao waliwaza hivyo hadi miaka ya 1950.

Wakati huo George Feher, katika maabara za Bell huko Marekani, alikuwa anapima spini za elektroni za fosforasi iliyotiwa kidogo kwenye silikoni. Atomi za fosforasi hukaa ovyo ovyo humo. Ilitarajiwa kwamba ukigeuza spini moja, mgeuko ungesambaa upesi kwa majirani. Wapi! Ulikaa palepale hata kwa dakika.

Mwenzake Philip Anderson akatoa maelezo mwaka 1958. Alisema vurugu ikiwa kali kuliko nguvu ya kupokezana, usambaaji haupungui tu, unakoma. Hapa tofali halitusaidii tena, maana spini husafiri kama wimbi. Kila kizuizi hurudisha sehemu ya wimbi, na mawimbi hayo yanakutana na kufutana mbele ya safari. Kinachobaki kinazunguka pale kilipoanzia. Mwaka 1961 Nevill Mott na W. D. Twose wakaongeza kwamba kwenye mstari mmoja hata vurugu ndogo inatosha kukwamisha wimbi. Makala ya Anderson haikupata wasomaji wengi mwanzoni, lakini mwaka 1977 yeye, Mott na John Van Vleck walipewa Tuzo ya Nobel.

Ila kulikuwa na shimo kwenye hoja. Hesabu zile zilichukulia kila chembe iko peke yake, kumbe spini halisi zinasukumana. Je, moja haiwezi kumpa mwenzake nishati inayopungua ili avuke? Mwaka 2006 Denis Basko, Igor Aleiner na Boris Altshuler walihesabu kwamba hata zikisukumana, mkwamo unaweza kudumu.

Hilo si dai dogo. Changanya maji ya moto na ya baridi, yatakuwa vuguvugu, na hakuna atakayejua yalianzaje. Mnyororo uliokwama haufiki hapo, unaendelea kukumbuka ulivyoanza. Mwaka 2015 watafiti wa Munich walipanga atomi baridi sana: nafasi moja ina atomi, inayofuata tupu. Kwenye vurugu kali, alama ya mpangilio ule haikufutika muda wote wa jaribio.

Na vurugu isipokuwa kali? Mwaka 2016 Marko Žnidarič, Antonello Scardicchio na Vipin Varma walichunguza kwa kompyuta minyororo ya hadi spini 400. Katika usambaaji wa kawaida, umbali ukiongezeka mara 10, muda huongezeka mara 100. Vurugu ikiwa ndogo, kanuni hiyo ilisimama. Ilipozidi, muda ukapita hapo, hata kabla ya mkwamo kamili. Sababu mojawapo inayotajwa ni rahisi kuiona. Kwenye mashamba ya mpunga Kyela, njia ikijaa maji unazungukia kingo za majaruba mengine. Kwenye mstari mmoja huna pa kuzungukia, kwa hiyo kipande kimoja kibovu kinawachelewesha wote.

Mwaka 2020 watafiti wa Ljubljana walitia shaka dai lenyewe: huenda mnyororo ukiwa mrefu vya kutosha, na ukisubiri vya kutosha, kumbukumbu inafutika. Mabishano bado yanaendelea.

Usidhani ni mambo ya mbali. Scardicchio yuko ICTP, taasisi aliyoianzisha Abdus Salam mjini Trieste mwaka 1964, na tangu 2018 taasisi hiyo ina mwenza wake Kigali. Na kompyuta yako ya kawaida inaweza kuhesabu mnyororo wa spini 12, wenye hali 4,096. Ukiongeza spini moja tu, hali zinakuwa mara mbili. Ndiyo maana swali la mnyororo mrefu halijapata jibu.