Jina na Sampuli: Kazi ya John Kokwaro na Mustakabali wa Majina ya Mimea Nyamitanga na Nakivale

Utangulizi

Wanyankole wa Nyamitanga, mjini Mbarara, wana jina omunyinya kwa mti wa jamii ya mgunga. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Wanyarwanda husema umunyinya. Makazi hayo, yaliyoanza kupokea Wanyarwanda tangu miaka ya mwisho ya ukoloni, leo yana pia Wakongo, Warundi na Wasomali, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Swali la kisera ni hili: mganga, muuguzi na afisa misitu wanapotaja mti kwa Kiswahili, je, wanataja mti mmoja? Makala hii inadai kwamba jina la kienyeji huwa ushahidi wa kisayansi pale linapofungamanishwa na sampuli ya mmea, na kwamba kazi ya mtaalamu wa mimea John Kokwaro inatoa kielelezo cha kufuatwa.

Kazi ya Kokwaro

Kokwaro, profesa wa botania katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alishiriki katika mradi mkubwa wa uainishaji uliochapishwa kwa sehemu kati ya 1952 na 2012 kwa jina Flora of Tropical East Africa. Mradi huo uliratibiwa na bustani ya Kew, Uingereza, na ulieleza zaidi ya spishi 12,000 za Uganda, Kenya na Tanzania. Ankole, pamoja na Nyamitanga na Nakivale, imo katika kanda yake ya U2. Kokwaro aliandika, miongoni mwa sehemu nyingine, ile ya familia ya mchungwa (1982) na ile ya familia ya mwembe na mkorosho (1986).

Sambamba na uainishaji huo aliendesha kazi ya pili. Mwaka 1972 alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kijaluo, na mwaka 1976 kitabu Medicinal Plants of East Africa, kilichopangwa kwa majina ya Kilatini huku kikitaja majina ya lugha za kanda na matumizi ya tiba. Upekee wake uko katika muungano wa kazi hizi mbili: aliyekusanya majina ya watu ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuamua mmea ni upi.

Jina linapohama

Majina ya Kilatini nayo hayakai mahali pamoja. Miti iliyokuwa katika jenasi Fagara ilihamishiwa Zanthoxylum, baada ya wataalamu kuona kuwa mpaka kati ya jenasi hizo haukuwa na mashiko. Mmoja wa miti hiyo leo huandikwa Zanthoxylum usambarense (Engl.) Kokwaro: aliye ndani ya mabano ni Adolf Engler, Mjerumani aliyeueleza kwanza, aliye nje ndiye aliyeuhamisha. Vivyo hivyo, utafiti wa nasaba ulionyesha kuwa Acacia haikuwa ukoo mmoja. Uamuzi wa Vienna wa 2005, uliothibitishwa Melbourne mwaka 2011, uliliacha jina hilo kwa miti ya Australia, na migunga ya Afrika ikaitwa Vachellia na Senegalia.

Msemaji wa Kinyankole hakuathirika. Omunyinya ulibaki omunyinya. Lakini uthabiti huo una gharama yake. Mgunga hujumuisha spishi nyingi, na mjafari hutumika kwa Zanthoxylum chalybeum na pia kwa ndugu zake. Kwa anayetafuta kivuli, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa anayechemsha magome kutibu homa, tofauti ya spishi yaweza kuwa tofauti ya kemikali.

Funzo kwa sera

Uganda ina msingi. Mwaka 1995 A. B. Katende wa Makerere, pamoja na Ann Birnie na Bo Tengnäs, walitoa mwongozo wa miti na vichaka vyenye manufaa nchini, wenye majina ya lugha za wenyeji. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kinachohitajika sasa ni kuunganisha mambo hayo mawili.

Pendekezo ni kuandaa orodha ya Kiswahili ya mimea ya Ankole, ambamo kila jina, liwe la Kinyankole, Kinyarwanda, Kirundi au Kisomali, litafungwa kwa namba ya sampuli iliyohifadhiwa Makerere. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kingeweza kukusanya, nayo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kusanifisha istilahi.

Hitimisho

Jenasi itakapogawanywa tena, namba ya sampuli itaonyesha jina jipya la Kilatini, na jina la watu halitapotea. Pasipo sampuli, kusanifisha mgunga au mjafari katika vitabu vya shule kutakuwa kusanifisha utata. Wanaisimu hawawezi kuifanya kazi hiyo peke yao, wala wataalamu wa mimea hawawezi. Kokwaro aliziunganisha taaluma hizo ndani ya mtu mmoja, na taasisi za kanda zina uwezo wa kuziunganisha kwa mkataba.