Giza na Ubaridi: Historia ya Tinti kwenye Vioo vya Gari Dogo

Kioo cha gari hakikuwa suala la joto hadi gari lilipoezekwa paa na kuzibwa pande zote. Mwanzoni mwa karne ya 20 magari mengi yalikuwa wazi. Dereva alipigwa na upepo, vumbi na mvua, na kioo pekee kilichokuwapo kilisimama mbele yake kumkinga. Hofu ya wakati huo ilikuwa kuvunjika kwa kioo, kwa kuwa vipande vyake viliwakata watu vibaya katika ajali. Mwaka 1903 mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus aliona chupa ya maabara ikidondoka na kupasuka bila vipande kutawanyika, kwa sababu ndani yake mlikuwa na utando uliokauka. Mwaka 1909 alipata hataza ya kioo cha tabaka, yaani vioo viwili vilivyobana utando katikati. Ford Model A, iliyotoka mwaka 1927, ilikifikisha kioo hicho kwa wanunuzi wa kawaida. Kioo cha mbele cha leo kimetokana nacho, na utando wake wa kisasa huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno. Vioo vya milango kwa kawaida ni vya tabaka moja tu, vilivyopashwa moto na kupozwa ghafla ili viwe vigumu, navyo hupitisha sehemu kubwa zaidi ya mionzi hiyo.

Gari lililofungwa lilienea Marekani katika miaka ya 1920, na joto likaingia nalo. Packard ilianza kuuza magari yenye kiyoyozi kwa toleo la mwaka 1940, lakini kiyoyozi kilikuwa ghali na kililemea injini. Katika miaka ya 1950 General Motors iliuza magari yenye kioo kilichoitwa E-Z-Eye, kilichotengenezwa na Libbey-Owens-Ford. Kilikuwa na rangi ya kijani hafifu iliyotokana na madini ya chuma yaliyochanganywa katika kioo chenyewe. Mtu aliyeketi ndani aliona barabara vizuri, na bado joto lilipungua. Sababu ni kwamba karibu nusu ya nishati ya jua huja kama mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni, na chuma huinyonya. Hapo ndipo palipodhihirika jambo ambalo soko la tinti limelisahau mara nyingi tangu siku hizo: giza na ubaridi ni vitu viwili tofauti, na kimoja si kipimo cha kingine.

Karatasi ya tinti ina asili nyingine kabisa. Mwaka 1941 wakemia Waingereza John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliofanya kazi katika chama cha wachapishaji wa nguo mjini Manchester, waligundua aina mpya ya poliesta walipokuwa wakitafuta uzi mpya. Baada ya vita plastiki hiyo ilitandazwa kuwa utando mwembamba, mwangavu na mgumu kuchanika, uliouzwa kwa majina ya Mylar na Melinex. Mwaka 1966 kampuni ya 3M ilipata hataza ya utando wa kubandika kwenye madirisha ili kupunguza jua. Walengwa wa kwanza walikuwa wenye majengo, na msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973 uliwapa sababu ya kuununua, kwa kuwa kupoza nyumba kulikuwa kumepanda bei. Kutoka kwenye majengo utando ukahamia kwenye magari.

Karatasi za kwanza za magari zilitegemea rangi. Zilikuwa rahisi, zilificha waliomo ndani, na zilipunguza mng'ao, lakini rangi ile iliuawa na jua lenyewe. Weusi wake ulipatikana kwa kuchanganya rangi kadhaa, na kila moja ilififia kwa kasi yake, hadi ikabaki zambarau. Gundi nayo ilichoka, karatasi ikajaa malengelenge. Udhaifu mwingine haukuonekana kwa macho: karatasi ya rangi hufanya kazi kwa kunyonya, kwa hiyo sehemu ya joto iliyoshikwa na kioo hurudi ndani ya gari.

Jibu la viwanda lilikuwa metali. Ndani ya chumba kisicho na hewa, alumini iligeuzwa mvuke ikatanda juu ya poliesta kwa unene usiohisika kwa kidole. Sasa joto lilirudishwa nje badala ya kunyonywa, na karatasi ilidumu. Mng'ao wake kama wa kioo cha kujitazamia haukupendwa na kila mtu, lakini tatizo kubwa zaidi lilikuja baadaye, magari yalipobeba antena ndani ya vioo, simu za mkononi na vifaa vya setilaiti vya kuonyesha njia, kwa maana metali hudhoofisha mawimbi hayo. Ndipo zikaja karatasi za kaboni, ambazo rangi yake haififii kirahisi, na za kauri, zenye chembe ndogo mno zinazozuia infraredi bila kuzima mwanga wala mawimbi. Karatasi ya kauri iliyo karibu kuwa nyeupe inaweza kupoza gari kuliko karatasi nyeusi ya bei nafuu. E-Z-Eye ilikuwa imeshalionyesha jambo hilo.

Gari dogo lilikuwa mtihani wa fundi. Kioo chake cha nyuma mara nyingi kimejipinda pande mbili, na karatasi bapa haikubali kukilalia. Mafundi wa awali waliikata vipande vya mlalo wakifuata nyaya za kuondoa ukungu, na maungio yakabaki yakionekana. Baadaye walijifunza kuitandaza kwanza upande wa nje wa kioo na kuipuliza hewa ya moto hadi ijikunyate kwa umbo la kioo, kisha kuihamishia ndani. Ustadi huo ndio unaomtofautisha fundi wa kweli na mbandikaji, na unastahili malipo yake.

Serikali ziliingilia kati kwa sababu ya usalama barabarani na uhalifu. Uingereza hudai kioo cha mbele kipitishe angalau asilimia 75 ya mwanga, na vioo vya milango ya mbele asilimia 70, kwa magari yaliyoanza kutumika kuanzia Aprili 1985. Nigeria ilitunga sheria ya kupiga marufuku vioo vya giza visivyo na kibali mwaka 1991. Mahakama ya Juu ya India ilizuia karatasi za kubandika mwaka 2012, huku Falme za Kiarabu zikilegeza na kuruhusu tinti ya hadi asilimia 50 mwaka 2017. Japani hudai asilimia 70 kwa kioo cha mbele na vioo vya milango ya mbele, lakini huwaachia watengenezaji uhuru kwa vioo vya nyuma.

Kanuni hiyo ya Japani imeacha alama Afrika Mashariki. Magari madogo ya Kijapani kama Vitz, Passo na Ist, yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yametumika, aghalabu huwa na vioo vyeupe mbele na vya giza nyuma, giza lililochanganywa kiwandani ndani ya kioo. Wanunuzi wengi humwomba fundi asawazishe mbele na nyuma. Ombi hilo huongozwa na sura ya gari, na humgharimu dereva uwezo wa kuona usiku kwenye barabara zisizo na taa, ambako mtembea kwa miguu huonekana akiwa ameshakaribia.

Uchaguzi mzuri huanza na hesabu. Namba ya karatasi ni asilimia ya mwanga unaopita, na huzidishwa na ile ya kioo: karatasi ya 35 juu ya kioo kinachopitisha asilimia 75 huacha takriban 26 tu. Kabla ya giza, muuzaji anapaswa kuulizwa karatasi inazuia kiasi gani cha joto lote la jua. Kwa gari la injini ya lita 1 jibu hilo lina uzito, kwani kiyoyozi kinachopumzika huiachia injini nguvu ya kupanda mlima.

Baada ya kubandikwa, vioo vya milango visishushwe kwa siku chache, na malengelenge ya maji yanayoonekana wiki za mwanzo yasitobolewe kwa sindano, kwani hukauka yenyewe. Usafi unahitaji kitambaa laini na maji ya sabuni hafifu. Dawa za vioo zenye amonia huharibu karatasi, hasa ya rangi. Karatasi iliyozeeka hubanduliwa polepole kwa mvuke au hewa ya moto, na gundi iliyobaki hulainishwa kwa maji ya sabuni. Kwenye kioo cha nyuma wembe usitumike kabisa, kwa kuwa nyaya za kuondoa ukungu zimechapwa juu ya kioo na hukwanguka pamoja na gundi.