Kabla ya kununua mtoto wa mbwa, soma kadi yake

Anayejenga nyumba yenye ua, kuanzia Likoni hadi Mtwapa, siku hizi hutafuta mtoto wa mbwa. Mbwa wa ulinzi sisi Waislamu tumeruhusiwa. Suala la mate na kuosha mara saba tuwaachie masheikh. Mimi huletewa simu nitazame picha ya kadi ya chanjo kabla pesa hazijatumwa, na jibu langu ni moja: usitume. Kadi ishike mkononi, na mbwa awe mbele yako.

Anza na tarehe ya kuzaliwa. Chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, pamoja na distempa, huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike kama wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hudungwa akitimiza miezi 3. Kwa hivyo ukiambiwa ana wiki 8 na "amemaliza zote", hesabu haiingiani. Mfunue mdomo pia: meno ya mbele ya utotoni ni madogo, makali kama sindano, na makubwa huanza kuota akikaribia miezi 4.

Kila chanjo iwe na kibandiko kilichotolewa kwenye chupa ya dawa, chenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kando yake pawe na sahihi, muhuri na namba ya usajili ya daktari. Madaktari wa mifugo husajiliwa na Kenya Veterinary Board, basi namba hiyo inaulizika. Tarehe tatu, wino mmoja, mwandiko mmoja? Mimi hapo huondoka.

Cheti cha ukoo ni kitu kingine kabisa. Kile cha East Africa Kennel Club hutaja wazazi wa mbwa na mzalishaji. Juu ya chanjo hakisemi kitu. Ukitozwa bei ya German Shepherd halisi, kidai siku hiyohiyo. Ukitaka mlinzi tu, wa kienyeji mwenye kadi safi anatosha.

Ukishamnunua, mpeleke kwa daktari wako, na chanjo ya kichaa usiichelewe. Ugonjwa huu dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu kila mara huua. Mtoto akiumwa, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kadi ikiwa imejaa mihuri.