Ukaazi wa Mke na Kuvunjika kwa Ndoa katika Nyanda za Juu Kusini

Ndoa huhamisha watu. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki anayehama ni mwanamke: huiacha nyumba ya baba yake, akaenda kukaa kwa mumewe, na haki yake ya kukaa huko hutokana na ndoa ile. Maadamu ndoa ipo, hakuna amwulizaye sababu ya kuwapo kwake. Siku ndoa inapovunjika ndipo swali huzuka: mtalaka huyu akae hapa kwa haki gani? Katika Mbeya na Iringa swali hilo limejibiwa kwa zamu na mila, na serikali ya Waingereza, na Jamhuri. Majibu hayo yakilinganishwa huonyesha kwamba sheria ilijifunza kuithamini kazi ya mke katika kugawa mali, lakini haijajifunza kuithamini vivyo hivyo katika ukaazi.

Jibu la kwanza ni la mila. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, mume alitoa ng'ombe kwa jamaa za mke, na mke akahamia katika kijiji cha mumewe, ambacho kilikuwa kijiji cha wanaume wa rika moja. Monica Wilson, aliyefanya uchunguzi kati yao katika miaka ya 1930, alieleza jinsi ng'ombe hao walivyokuwa ndio kifungo cha ndoa. Ndoa ikivunjika, ng'ombe hurudi, na mwanamke naye hurudi kwa baba au kwa ndugu yake, mpaka pengine aolewe na mume mwingine ambaye ng'ombe zake ndizo zilizomlipa yule wa kwanza. Mila hiyo haikumpa mtalaka shamba alilolilima wala mgomba alioupanda. Lakini ilimjulia pa kurudi. Hapakuwa na mwanamke asiye na kwao, na kule kwao hakuhitaji cheti.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana mkataba, na mpaka wa dola zao ukapitishwa katika Mto Songwe. Wanyakyusa wa kaskazini na Wangonde wa kusini, ambao lugha zao na nasaba zao zina ujamaa wa karibu, wakajikuta katika nchi mbili. Wanyamwanga wa pande za Tunduma nao wakagawanywa. Binti aliyevuka mto kwenda kuolewa zamani alibadili kijiji. Sasa alibadili dola, ingawa maji yalikuwa yale yale na mtumbwi ule ule. Kwa miaka mingi jambo hilo halikuwasumbua wenyeji, maana hakuna aliyewadai karatasi. Hata hivyo msingi wa taabu ya baadaye ulikuwa umekwisha kuwekwa.

Sheria za Ulaya wakati huo zilishika kanuni moja, kwamba mke humfuata mumewe katika uraia. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1913 ilimwondolea uraia mwanamke wa Kijerumani aliyeolewa na mgeni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1914 ilitamka kwamba mke wa raia wa Uingereza ni raia wa Uingereza, na mke wa mgeni ni mgeni. Waafrika wa Tanganyika hawakuguswa sana na maneno hayo, kwa kuwa walihesabiwa kuwa watu wa himaya tu. Lakini katika nyanda za Iringa yalikuwa na uzito. Wajerumani waliofukuzwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza waliruhusiwa kurudi mwaka 1925, na baadhi yao wakafungua mashamba ya chai na kahawa huko Mufindi na Lupembe, karibu na masetla wa Kiingereza. Mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa na Mjerumani kati yao alikuwa Mjerumani mbele ya sheria, na vita vilipotangazwa Septemba 1939 alihesabiwa upande wa adui kwa sababu ya pete yake.

Pamoja na ukali huo, fungu la 11 la sheria ya mwaka 1914 lilikuwa na neno lipasalo kuangaliwa. Lilisema kwamba mwanamke aliyepata uraia wa Uingereza kwa kuolewa haupotezi kwa sababu tu mumewe amekufa au ndoa yake imevunjwa. Ndoa ilikuwa mlango; mtu akiisha kupita, kubomoka kwa mlango hakumrudishi nje. Ubaya ni kwamba kanuni hiyo ilikata pande mbili: aliyeupoteza uraia kwa kuolewa hakurudishiwa kwa talaka peke yake, bali ilimbidi aombe upya. Mambo hayo yaliondolewa na sheria ya mwaka 1948, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1949, ambayo ilimwacha mwanamke wa Kiingereza na uraia wake aolewe na nani.

Wakati huo mfano mwingine ulikuwa unaonekana Ifunda, katika Iringa, na Kidugala, upande wa Njombe. Humo, tangu miaka ya Vita Vikuu vya Pili, walikaa wakimbizi wa Kipolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Warusi mwaka 1940 na 1941, wakapitia Uajemi, wakaletwa Afrika. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Waume zao na wana wao walikuwa katika jeshi la Jenerali Anders, chini ya amri ya Waingereza. Vita vilipokwisha, Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1947 sheria ya kuwapa makao askari wa Kipolandi, na jamaa zao wakapata njia ya kuwafuata. Basi mwanamke wa Ifunda ambaye mumewe yu hai huko Uingereza, na ndoa yao ipo, alikuwa na pa kwenda kwa jina la mume huyo. Yule ambaye mumewe alikufa, au alipotea, au alimwacha, hakuwa na jina la kutaja, ikambidi atafute nchi nyingine ya kumpokea. Wanawake hao walipita taabu ile ile ya safari na ya kambi. Waliachana katika jambo moja tu, nalo ni hali ya ndoa.

Tanganyika ilipokaribia kujitawala, Bunge lilijadili uraia mnamo Oktoba 1961. Julius Nyerere alikataa katakata uraia upimwe kwa rangi ya mtu, akawa tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Mwaka uliofuata Tanganyika ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1957 juu ya uraia wa wanawake walioolewa, ambao kifungu chake cha kwanza chasema kwamba kufunga ndoa au kuvunjika kwake hakubadili uraia wa mke bila ya hiari yake. Lakini kifungu hicho chahusu uraia ambao mke anao tayari. Hakikusema lolote juu ya ukaazi wa mke mgeni ambaye haki yake ya kukaa ni ya kuazima.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliendelea mbele katika jambo la mali. Iliweka mabaraza ya usuluhishi, ikaamuru talaka itolewe na mahakama ikithibitika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka, na fungu la 114 likairuhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Mwanamke huyo mwenyewe hakupata sehemu katika nyumba aliyoidai, lakini kanuni ilibaki, na wanawake wengi waliomfuata wameitegemea.

Katika ukaazi mambo hayakwenda hivyo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimpa mke wa raia haki ya kuomba uraia wakati wowote wa uhai wa mumewe; mume mgeni wa mwanamke Mtanzania haikumpa haki hiyo. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka huo huo iligawa vibali vya ukaazi katika madaraja ya A, B na C, kwa wenye mitaji, wenye ajira, na wengineo kama wanafunzi na wamisionari. Mke asiyekuwa na biashara wala ajira hukaa kwa hati ya mtegemezi, na hati hiyo haina mzizi wake yenyewe.

Achukuliwe mwanamke wa Karonga aliyeolewa Kyela, akalima mpunga na kakao miaka ishirini. Hakuomba uraia, pengine kwa kuwa Tanzania hudai mtu mzima awe na uraia mmoja, naye hakutaka kukana kwao. Pengine kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Ndoa inapovunjika, haki ya mke kuomba uraia imekwisha. Imempasa ajitafutie kibali kwa nafsi yake, au aingie njia ya wageni wote: kukaa miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba, na miaka saba katika kumi iliyotangulia. Watoto wake ni Watanzania kwa baba yao. Yeye ni mgeni mbele yao. Mahakama yaweza kumpa sehemu ya mali, lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu mgeni kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Hivyo alichopewa na sheria moja hushikwa na sheria nyingine.

Hapa ndipo historia ya nyanda hizi inapofundisha. Mila ilimnyima mtalaka shamba, ikamwachia kwao. Sheria ya mwaka 1914 ilimfunga mke kwa mume, lakini haikumfukuza kwa talaka. Sheria za leo zimemwinua katika mali, zikamwacha mlangoni katika ukaazi. Haki inayotokana na ndoa haina budi kuwa na masharti, maana wako wanaooa na kuolewa kwa ajili ya karatasi. Lakini miaka iliyokaliwa, watoto waliolelewa na mashamba yaliyolimwa si karatasi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliyelishika jembe miaka ishirini katika bonde la Kyela amekwisha kupita siku ya tatu zamani, na sheria itakayohesabu jembe hilo katika ukaazi, kama mahakama ilivyohesabu kazi ya nyumbani katika mali, haitakuwa imebuni jambo jipya.