Namna kumbi za mazoezi ziliingia ndani ya simu

New York, Marekani – Mwaka wa 2010, mcheza dansi Payal Kadakia, ambaye wazazi wake walitoka India, alitafuta darasa la baleti kwenye intaneti. Alifungua kurasa nyingi bila kulipata. Hapo akaanzisha kampuni iliyoitwa kwanza Classtivity.

Kampuni ilipanga orodha ya madarasa, lakini wateja wengi walitazama tu. Orodha peke yake haimtoi mtu nyumbani. Mwaka wa 2013 ikaanza kuuza pasi ya mwezi kwa dola 99, kisha jina likageuka ClassPass. Wenye kumbi walikubali kwa sababu nafasi ya asubuhi isiyopata mtu haiuzwi jioni.

Pasi ya kuingia bila kikomo ndiyo iliyoleta shida. Kila mteja alipoingia ukumbini, kampuni ililipa ukumbi. Kumbe mwenye bidii ndiye aliyeleta hasara! Mwaka wa 2016 bei ya New York ilipanda hadi dola 190, na mwaka huohuo pasi hiyo ikaondolewa. Wenye kumbi nao walilalamika kwamba wanalipwa chini ya bei yao ya kawaida. Mwaka wa 2021 ClassPass ikanunuliwa na Mindbody, kampuni ambayo programu yake tayari ilitunza ratiba za kumbi nyingi.