Watu wasio na mjomba

Katekista mmoja wa pwani ya ziwa Tanganyika alituletea shauri la ndoa. Kijana ni mkristu mwema, ana kazi, na mahari yake i tayari. Lakini wazee wa binti wamekataa. Waliuliza neno moja tu: "Mjomba wake ni nani?" Kijana akanyamaza. Wakasema: "Basi, huyu ni mtu wa kununuliwa."

Aliyenunuliwa si yeye, wala mama yake, wala bibi yake. Ni mama mmoja wa zamani, aliyekufa kabla bibi huyo hajazaliwa. Je, neno lake linafikaje mpaka leo?

Tukumbuke habari zilivyokuwa. Kabla ya mwaka 1890 misafara ya Waarabu na Wangwana ilipita Manyema na pande zote za ziwa, ikipeleka pembe na watu Ujiji, na toka huko mpaka bahari. Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Wakubwa wa nchi nao waliuza mateka wao, na wengine waliuza hata watu wao wenyewe kwa ajili ya deni.

Mapadri Weupe walifika ziwani mwaka 1879. Mwaka 1885 walipokea vituo vya Karema na Mpala mikononi mwa Wabelgiji. Walikomboa watoto kwa nguo, wakawalea, wakawabatiza, wakawaozesha wao kwa wao, wakajenga nao vijiji vya wakristu. Ilikuwa kazi ya huruma. Lakini tuseme kweli yote: wengi wa watoto hao hawakuchagua pahali pa kukaa, na kwao hawakurudi tena.

Hapo ndipo kidonda kilipobaki. Kwa Watabwa mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye anayemsemea katika ndoa, katika ugonjwa, katika matanga. Msichana aliyekombolewa hakuwa na kaka karibu, wala mama, wala jina la ukoo. Mnyororo ulikatwa shingoni mwake, lakini wanawe walizaliwa bila mjomba, na binti zake wakazaa vivyo hivyo. Wazazi waliona haya, wakanyamaza. Majirani hawakusahau.

Ng'ambo ya ziwa tunaona mfano mwingine. Adrien Atiman aliibwa akiwa mtoto, karibu na Timbuktu, akakombolewa na mapadri kule Sahara. Alifika Karema mwaka 1889, akawa daktari na katekista mpaka kufa kwake mwaka 1956. Mwanawe akawa padri. Naye Atiman hakuficha habari yake, aliisimulia mwenyewe.

Sisi tunaoandika haya tu wa uzao ule ule. Nyumbani kwetu neno hilo halikutajwa, nasi tulilisikia kwanza kwa matusi, tukiwa shuleni.

Shauri la kijana halijakwisha. Mzee mmoja wa kijiji amekubali kusimama kama mjomba wake, na wazee wa binti wanafikiri. Ninyi makatekista, mkiletewa shauri kama hili, msikimbilie kusema kwamba mambo ya ukoo ni upuzi, maana kwa watu si upuzi. Kaeni na wazee, waulizeni nani aliuza na nani aliuzwa. Aibu ni ya muuzaji. Mtoto wa aliyeuzwa hana deni kwa mtu.